Aliyegongwa na treni hupewa mwaka mmoja tu

Wodi ya mifupa, vitanda viwili vinatazamana. Kwenye kimoja amelala kijana aliyegongwa na lori katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Kwenye cha pili kuna kijana wa rika lake, mwendesha boda boda, aliyegongwa na treni kwenye kivuko cha reli upande wa Njoro. Wote wamevunjika mguu, wote wametiwa vyuma, wote wanangoja mtu wa nyumbani alete uji. Nimewatunga hawa wawili ili tuone jambo ambalo mtu haoni akiwa mzima: mbele ya mlango wa mahakama hawako sawa. Wa lori ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Wa treni ana miezi 12, na kabla ya kuifungua ni lazima awe amempelekea mkuu wa Shirika la Reli ilani ya maandishi, kisha angoje mwezi mzima.

Nani huwaambia? Si daktari, kwa kuwa kazi yake ni mfupa. Si polisi wa trafiki, kwa kuwa ameshaandika maelezo yake na kuondoka. Jamaa wanaokuja kumwona mgonjwa huzungumza habari za bili, na wana haki, bili haingoji mtu. Kwa hivyo kijana wa treni hulala pale akihesabu majuma yaliyobaki hadi plasta itolewe, na huku saa nyingine asiyoijua inamhesabia yeye.

Tofauti hiyo inatoka mbali. Sheria ya jumla kuhusu muda wa kushtaki, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inampa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenzake miaka mitatu. Lakini Shirika la Reli lina sheria yake, Sura ya 397, iliyotungwa mwaka 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika na kila nchi kubaki na kipande chake cha reli. Kifungu cha 87 cha sheria hiyo kinataka Meneja Mkurugenzi apewe ilani yenye maelezo ya dai angalau mwezi mmoja kabla ya kesi kufunguliwa. Kisha kinasema kesi haitasimama isipofunguliwa ndani ya miezi 12 tangu kitendo au uzembe unaolalamikiwa utokee. Ukipiga hesabu utaona kwamba anayetaka kukaa salama hana hata huo mwaka. Ana miezi 11 ya kufikisha barua.

Kifungu hichohicho kinataja pia madhara yanayoendelea, na kuyapa miezi sita tangu yakome. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mtu husema, mguu bado unaniuma, bado natembea kwa magongo, kwa hivyo madhara yangu yanaendelea na muda wangu haujaisha. Hapana. Maumivu yanayobaki ni matokeo ya ajali iliyotokea siku moja na kwisha siku hiyohiyo. Kinachozungumziwa ni kosa lenyewe linalorudiwa au lisilokoma, kama maji yanayoelekezwa shambani mwako kila mvua ikinyesha. Kugongwa hakurudiwi. Hesabu inaanzia siku ya ajali, wakati ambapo majeruhi pengine hata hajui yuko hospitali gani.

Shirika la Reli halikubuni kinga hii. Ni desturi ya zamani ya vyombo vya umma. Serikali yenyewe, kwa sheria ya muda wa kushtaki mamlaka za umma, haishtakiwi kwa uzembe baada ya miezi 12. Mamlaka za barabara nazo zina kinga ya namna hiyo katika sheria yao ya 2007. Hoja inayotolewa ni kwamba chombo cha umma kina mambo mengi na wafanyakazi wengi, kwa hivyo kijulishwe mapema ili kichunguze tukio kabla ushahidi haujapotea, na kijue madeni yake kabla ya kupanga bajeti.

Nimeitazama hoja hiyo kila upande, na kwa ajali za vivuko naiona imesimama kichwa chini. Ushahidi uko kwa nani? Dereva wa treni ni mwajiriwa wa shirika, na ripoti yake huenda kwa wakubwa wake. Ratiba ya treni iko kwa shirika. Kumbukumbu za lini alama ya kivuko ilipakwa rangi, lini nyasi zilifyekwa, lini kizuizi kiliharibika na nani aliandika kwamba kimeharibika, zote ziko kwenye kabati za ofisi. Majeruhi ana nini? Ana anachokumbuka, ikiwa anakumbuka. Mwenye makabati ndiye sheria inayemlinda dhidi ya ushahidi kupotea, na asiye na kitu ndiye anayeharakishwa.

Kabla ya mengine, tukumbuke jinsi reli ilivyokaa huku kwetu. Ilifika Kisumu Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, kabla ya barabara nyingi tunazozitumia leo. Njia ikapita Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, ikashuka Fort Ternan na Koru hadi nchi ya miwa, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos. Miji ilikua ikiizunguka. Baadaye ndipo barabara, vichochoro na njia za mashambani zilipojipenyeza juu ya reli, nyingine kwa mpango, nyingine kwa miguu ya watu tu.

Kisha ukaja usingizi mrefu. Treni zikapungua, za abiria zikakoma kuja Kisumu, na mataruma yakawa njia ya watoto kwenda shule na mahali pa kuanika mahindi. Mama mboga akapanga nyanya zake hatua mbili kutoka kwenye chuma. Treni ya abiria iliporudi Kisumu Desemba 2021, na njia ya kutoka Naivasha hadi Malaba ilipokarabatiwa ili mizigo ya Uganda ipite, iliamka katikati ya kizazi ambacho hakikulelewa na honi yake. Sisi wazee tulifundishwa na wazazi: ukifika kwenye reli simama, nyamaza, sikiliza. Kijana wa boda aliyezaliwa mwaka 2003 amevuka pale mara elfu bila kuona treni hata moja. Mazoea hayo si ujinga. Ni mafunzo aliyopewa na reli yenyewe kwa ukimya wake, na yeyote anayepima uzembe wa mwendeshaji boda hana budi kulipima jambo hilo pia.

Huko kwenye miwa hatari ina sura yake. Trekta lenye matrela mawili yaliyojaa halivuki reli kwa mara moja, linajikokota. Dereva ameketi juu ya injini inayonguruma, na honi ya treni humfikia wakati matrela bado yako juu ya chuma. Nayo treni ya mizigo ikishafunga breki huhitaji mamia ya mita, pengine zaidi, ndipo isimame. Anayeendesha treni anaweza kukuona vizuri kabisa na asiweze kukufanyia chochote.

Kwa sababu hiyo watu wetu wana msemo: treni haina makosa. Utausikia stendi ya matatu, utausikia kwa chifu, na nimewahi kuusikia kwa askari. Maana yake ni kwamba treni haikwepi, kwa hivyo aliyegongwa alijitakia. Msemo huu umewanyima watu haki zao kuliko hata kifungu cha 87, maana anayeuamini hafiki kwa wakili hata siku moja. Ni nusu ya ukweli. Kweli treni ina haki ya kupita kwanza, na anayeingia kwenye kivuko bila kutazama anabeba sehemu yake ya lawama. Lakini haki ya kupita kwanza haifuti wajibu wa kuonya. Je, honi ilipigwa, na ilipigwa ikiwa umbali gani? Je, alama ilikuwepo, na ilionekana usiku? Vichaka vya pembeni vilimruhusu dereva wa gari kuona njia ya reli kabla magurudumu yake hayajaikanyaga? Kivuko kinachopitwa na maelfu ya watu kila siku kina mlinzi au kizuizi, au kimeachwa kama kilivyokuwa wakati kilipopitwa na ng'ombe? Mahakama zetu zina uwezo wa kugawa lawama kwa asilimia. Mtu akionekana amechangia nusu ya ajali, fidia yake hupunguzwa kwa nusu. Haifutwi.

Na kuna wale wasiochangia chochote. Abiria aliyekuwa kiti cha nyuma cha matatu hakushika usukani. Dereva akikimbizana na treni ili asichelewe kwenye foleni, abiria hana lawama hata chembe. Huyu ana njia mbili. Anaweza kumshtaki mwenye matatu, na nyuma ya mwenye matatu kuna bima ya lazima chini ya Sura ya 405, ambayo humlipa mtu mmoja hadi Sh3 milioni. Dai hili lina miaka mitatu. Anaweza pia kulishtaki shirika, nalo lina miezi 12. Wakili mzuri huwashtaki wote wawili mapema. Kampuni za bima zinazobeba matatu zimewahi kufilisika zaidi ya moja, zikawaacha watu na hukumu za kutundika ukutani. Tena mwenye matatu, akishtakiwa peke yake, jambo la kwanza atakalomwambia hakimu ni kwamba kosa lilikuwa la reli.

Mfanyakazi anayeumia akiwa kazini, dereva wa trekta la miwa kwa mfano, ana mlango mwingine tena, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Hata anayesafirishwa bure na mwajiri kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotengwa kwa kazi hiyo, sheria humhesabu yuko kazini. Fidia hiyo haihitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Lakini nayo ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki inapotea.

Sasa turudi kwa yule asiye na matatu wala mwajiri. Mtembea kwa miguu. Mwenye mkokoteni. Mwendesha boda ambaye bima ya pikipiki, kama ipo, humlipa aliyegongwa na pikipiki, haimlipi yeye. Mtoto aliyekuwa akichota maji. Hawa hawana wa kumdai ila reli peke yake, na kwa hawa mlango unafungwa baada ya mwaka. Kifungu cha 87 hakikuandikwa kwa nia ya kuwabagua, nakubali. Lakini ukipanga waathiriwa wa ajali za vivuko kwa mfuko, utaona kinavyofanya kazi: mwenye njia nyingine hakimuumizi sana, asiye na njia nyingine ndiye kinayemmaliza.

Utazame mwaka wa mtu huyo. Miezi miwili ya kwanza wodini. Anatoka, anarudishwa kijijini kwa kuwa kodi ya chumba cha Kaptembwo au Nyalenda haiwezekani tena. Mwezi wa tano chuma kinaingia usaha, anarudi hospitali. Mwezi wa saba kuna harambee ya kulipa deni la hospitali. Mwezi wa tisa anajaribu kukaa juu ya pikipiki na anagundua kwamba goti halikunji. Ni hapo, akishakubali moyoni kwamba kazi yake imekwisha, ndipo anapowaza fidia. Mtu hushughulikia mwili kwanza, tumbo la pili, sheria mwisho. Ndivyo binadamu alivyo, na sheria inayodai mpangilio mwingine inadai kwa mtu asiyekuwepo.

Kwa aliyefiwa ni vigumu zaidi. Mjane hawezi kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu kwa kuwa tu ni mjane. Anahitaji barua za usimamizi kutoka mahakamani, hata zile za muda za kufungulia kesi tu, na ili azipate anahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi. Kama ndugu wa marehemu hawamtaki, hiyo barua ya chifu pekee inaweza kumla miezi minne. Nyanda za ziwa na Magharibi kuna jambo jingine ambalo watunga sheria hawakulitia hesabuni: kuzungumza habari za fidia kabla matanga hayajaisha huonekana ni kula damu ya marehemu. Nimekaa kwenye mikutano ya familia ambapo kijana aliyetaja neno wakili alinyamazishwa na wazee kwa jicho tu. Nawaheshimu wazee wale. Lakini siku zile za heshima sheria haizirudishi.

Kwa hivyo msaada wa kisheria kwa mtu wa kivuko, ili uwe msaada, ni lazima ufike mapema. Hapo ndipo penye pengo.

Wanaofika mapema kwa sasa ni madalali. Kila aliyelaza mgonjwa wa ajali katika mji mkubwa anawajua: mtu nadhifu mwenye faili, anayejua jina la mgonjwa kabla hujamtajia, anayesema yeye ni wa ofisi ya wakili fulani. Jamaa yangu mmoja alitia kidole kwenye karatasi akiwa bado na dripu mkononi. Dalali akaondoka na stakabadhi halisi za hospitali, na simu yake ikazimwa kuanzia wiki ya pili. Tulichokuja kuelewa baadaye ni kwamba stakabadhi zile zilikuwa nusu ya kesi. Hasara za fedha, yaani dawa, nauli, magongo, picha za eksirei, mahakama huzilipa zikitajwa kwenye dai na kuthibitishwa kwa karatasi, shilingi kwa shilingi. Usimpe mtu karatasi halisi. Mpe nakala.

Kule Marekani mtu aliyegongwa na treni hupata wakili bila kutoa hata senti, kwa makubaliano kwamba wakili atachukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi, wakishinda. Huku kwetu makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi itashinda, wala wakili kununua sehemu ya dai la mteja wake. Makusudi ni mema, kumzuia wakili asigeuke mfanyabiashara wa majeraha ya watu. Matokeo yake ni kwamba maskini mwenye kesi nzuri hana cha kumvutia wakili isipokuwa huruma, na makubaliano ya asilimia yanafanyika hata hivyo, kwa mdomo, gizani, ambako mteja hana wa kumlalamikia pesa zikikatwa kupita kiasi. Mimi naona afadhali yaruhusiwe, yaandikwe, na yawekewe kikomo na mahakama.

Njia halali za msaada zipo. Katiba, kifungu cha 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote itakayotozwa haitakuwa kizuizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasiojiweza, na kuwatambua pia wasaidizi wa kisheria wa mitaani. Kuna Amri ya 33 (Order 33) ya kanuni za mwenendo wa kesi za madai, inayomruhusu mtu kuomba ashtaki kama maskini bila kulipa ada za mahakama, na nimeshangaa jinsi walivyo wachache wanaoitumia. Chuo Kikuu cha Kabarak hapa Nakuru kina kliniki ya sheria. Chama cha Mawakili huwa na juma lake la kila mwaka la ushauri wa bure kwenye viwanja vya mahakama. Mahakama ya Madai Madogo nayo, kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kumaliza kesi katika siku 60, na sheria yake inataja majeraha ya mwili, ingawa majaji hawajawa na kauli moja kuhusu ajali za barabarani.

Tatizo ni kwamba hizi zote zinamngoja mtu aje, naye mtu amelala. Ningependa kuona jambo dogo sana, lisilohitaji Bunge: karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, itolewe kituo cha polisi pamoja na abstrakti, yaani hati ya polisi ya muhtasari wa ajali, na afisa wa ustawi wa jamii hospitalini awe nayo. Iandikwe tarehe ya ajali, iandikwe tarehe ambayo ilani lazima iwe imefika, iandikwe tarehe ambayo kesi lazima iwe imefunguliwa, na mahali pa karibu pa kupata ushauri bila malipo. Ajali kubwa hazihitaji sana karatasi hiyo. Treni ilipogongana na basi la wafanyakazi wa Kenya Pipeline pale Morendat, Naivasha, Agosti 2025, na watu kadhaa wakapoteza maisha, taifa zima lilisikia. Anayeihitaji ni mtu mmoja aliyegongwa jioni Kibigori, ambaye habari zake zimeishia kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Ushahidi nao hauingoji mahakama. Nyasi za kivuko huweza kufyekwa kesho yake, kwa nia njema kabisa, na alama mpya ikasimamishwa wiki ijayo. Atakayemtembelea majeruhi siku ya kwanza, baadaye apite kwenye kivuko na simu yake. Apige picha akiwa kimo cha mtu aliyeketi kwenye gari au pikipiki, pande zote mbili, saa ileile ajali ilipotokea, kwa umbali wa hatua 50, 20 na 5 kutoka kwenye chuma. Achukue majina na nambari za wauza mahindi walioona. Halafu familia iandikie shirika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iombe ripoti ya ajali na rekodi za matengenezo ya kivuko hicho. Shirika ni chombo cha umma, na sheria inakipa chombo cha umma siku 21 za kujibu.

Kuhusu kipato, nataka kumtoa mtu hofu moja. Waendeshaji boda, wavuvi na wauza samaki huambiwa hawawezi kulipwa hasara ya kazi kwa kuwa hawana hati za mshahara. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika rufaa ya Kisumu iliyohusu seremala aliyefariki, ilikataa fikra hiyo. Ilisema kwamba kudai vyeti na nyaraka pekee ni kuwadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma, wasioweka kumbukumbu, na ambao hata hivyo wanajipatia riziki. Ujumbe wa M-Pesa, daftari la chama, neno la mwenyekiti wa stendi, vyote vina uzito.

Hata ukishinda, kuna kifungu cha 88. Huwezi kumtuma dalali wa mahakama akamate injini au mabehewa. Meneja Mkurugenzi anatakiwa alipe kutoka kwa mapato ya shirika bila kuchelewa. Hilo siligombi sana, treni ikikamatwa tunaumia wote. Lakini chombo ambacho mali yake haigusiki hakihitaji tena na mlango wa kesi ufungwe mapema mara tatu kuliko wa mtu mwingine. Kinga moja ingetosha.

Mahakama Kuu ilishaonyesha njia kuhusu ilani. Mwaka 2012, Jaji David Majanja, katika kesi ya Kenya Bus Service dhidi ya Waziri wa Uchukuzi, alisema sharti la kuipa serikali ilani ya siku 30 kabla ya kushtakiwa, likitumiwa kumfungia mtu mlango, linakiuka kifungu cha 48 cha Katiba. Hukumu ile ilihusu sheria ya kesi za serikali, haikuigusa ya reli, na wakili mwangalifu bado atapeleka ilani. Mimi sipingi ilani yenyewe. Barua inayofika mapema inaweza kuleta mazungumzo na malipo bila kesi. Ninachotaka kwa wabunge wetu, wa Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Busia, ambao reli inapita mlangoni pa wapiga kura wao, ni maneno machache katika kifungu cha 87: anayedai kwa jeraha la mwili au kifo apewe miaka mitatu kama Mkenya mwingine yeyote, na kukosekana kwa ilani kusiue kesi.

Mpaka siku hiyo, hesabu ni ile ya zamani. Aliyegongwa Machi 3 kesi yake iwe imesajiliwa na kulipiwa, au imepewa msamaha wa ada, kabla ya Machi 3 ya mwaka unaofuata. Ilani iwe imefika makao makuu ya shirika Nairobi mwezi Januari, si Februari. Si lazima iandikwe kwa Kiingereza cha wakili. Iwe na jina la majeruhi, siku, saa, kivuko kiko wapi, nini kilitokea, shirika lilikosea wapi, majeraha ni yapi, na kwamba anakusudia kushtaki. Ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo ikae nyumbani pamoja na fomu ya P3 ya polisi inayoeleza majeraha, abstrakti na stakabadhi, kwenye mfuko mmoja ambao mama anayeleta uji anajua uko wapi.